Kozi moja ya MBA, miaka 15 mahakamani: kesi ya vyuo vya watu weusi Maryland

Mwaka 2005 tume ya elimu ya juu ya jimbo la Maryland, Marekani, iliruhusu vyuo viwili vya serikali, Towson na University of Baltimore, vianzishe kozi ya MBA, yani shahada ya uzamili ya biashara, kwa pamoja. Ukiisoma hivyo ni habari ya kawaida kabisa, vyuo vinaanzisha kozi kila siku, nani ana shida. Sasa palepale Baltimore kuna chuo kingine cha serikali kinaitwa Morgan State, nao walikuwa na MBA yao toka zamani, wakapinga, wakasema kozi hii inakuja kutumaliza, tume ikasikia na ikapitisha hivohivo. Morgan ni chuo cha watu weusi. Wale wawili wengine kwa historia yao ni vyuo vya wazungu. Toka Morgan mpaka Towson kwa gari hazifiki kilomita 10, na kwenda University of Baltimore ndo hivohivo, yani wote wanagombea mtu yuleyule anayetoka kazini saa kumi na moja jioni anataka kusoma usiku.

Mwaka uliofuata, 2006, wahitimu na wanafunzi wa vyuo vya weusi vya jimbo lile wakaishtaki serikali ya jimbo. Kesi imekwenda mpaka 2021. Naileta hapa yote maana kila ukianza mjadala wa hivi vyuo, wenyewe wanaviita HBCU, watu wanaongea kama vile ni swala la huruma, kwamba wachangiwe kwa kuwa hawana, na wengine wanauliza kwanini viendelee kuwepo wakati siku hizi mweusi anaingia chuo chochote. Kesi ya Maryland inajibu yote mawili. Hivi vyuo havikuwa vinaomba msaada, vilikuwa vinadai, na aliyekuwa anadaiwa ni serikali.

Tuanze nyuma kidogo, maana bila hiyo historia hukumu haieleweki.

Morgan ilianzishwa 1867, miaka miwili tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuisha, na Wamethodisti, ikiwa ni shule ya kufundisha wachungaji weusi. Bowie State mizizi yake ni 1865, kabla hata ya Morgan. Kile cha Princess Anne, upande wa pwani ya mashariki, ambacho leo kinaitwa University of Maryland Eastern Shore, ni 1886. Coppin State ni 1900, nacho kimepewa jina la Fanny Jackson Coppin, mwalimu aliyezaliwa mtumwa. Ndo hivyo vinne. Vilianza kwa sababu vyuo vya serikali vilikuwa vimefungwa kwa mtu mweusi, sio kwa kificho, kwa sheria na kwa utaratibu unaojulikana. Jimbo liliona nafuu kumlipia mweusi ada akasome jimbo lingine kuliko kumpa kiti kwenye chuo cha nyumbani.

Thurgood Marshall alizaliwa Baltimore, shule ya sheria ya University of Maryland iko mjini kwao, ila haikuwa inachukua weusi. Ikabidi asome Lincoln kule Pennsylvania alafu sheria akaichukua Howard, Washington, vyote viwili vyuo vya watu weusi. Alipomaliza akarudi na mwalimu wake wa Howard, Charles Hamilton Houston, wakamsimamia kijana mweusi anaitwa Donald Murray dhidi ya shule hiyohiyo ya sheria, wakashinda 1935, na mahakama ya rufaa ya jimbo ikaithibitisha hukumu mwaka 1936. Huyu Marshall ndo baadae aliongoza kesi ya Brown ya 1954 iliyovunja ubaguzi mashuleni, na 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa mahakama kuu ya Marekani. Mtu akiniuliza hivi vyuo vimeifanyia nini Marekani mi naanzia hapo: shule ya sheria ya mji wake ilimfungia mlango, Howard ikamfundisha, na alichofundishwa ndo kikavunja mlango kwa kila mtu.

Baada ya kesi ya Murray jimbo likaona linabanwa, na 1939 likainunua Morgan kutoka kwa kanisa. Msidhani ilikuwa mapenzi, walitaka pawepo mahali pa kuwapeleka weusi ili wasiende kugonga kwingine. Na hata eneo lenyewe Morgan walilipata kwa mbinde, walipolinunua 1917 majirani wazungu walikwenda mahakamani kuzuia chuo cha weusi kisihamie pale, wakashindwa 1918. Baadae ukajengwa ukuta wa matofali mekundu kwenye barabara ya Hillen kutenganisha chuo na mtaa wa wazungu na maduka yao ya Northwood. Watu wa Baltimore wanauita ukuta wa chuki. Ulisimama zaidi ya miaka 80, sehemu kubwa ilibomolewa mwaka 2023. Yani vizazi vya wanafunzi wamekuwa wakitoka darasani wanatazamana na matofali yaliyopangwa ili wao wasionekane. Na haohao wanafunzi Januari 1955 walikwenda kukaa kwenye mkahawa wa maduka ya dawa ya Read's mpaka kampuni ikakubali kuhudumia weusi, hiyo ni miaka mitano kabla ya lile tukio maarufu la kukaa mkahawani kule Greensboro, ambalo nalo lilifanywa na wanafunzi wa chuo cha weusi, North Carolina A&T. Februari 1963 wakaenda kwenye sinema ya Northwood, mamia wakakamatwa, jela zikajaa, sinema ikafungua milango kwa wote. Chuo kilichofanya hayo yote, serikali ya jimbo ilikiendesha kama chuo cha daraja la pili.

Haya sasa tuje kwenye kesi, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo penye kiini.

Watu wengi wakisikia kesi ya vyuo wanafikiri ni bajeti tu, kwamba huyu kapewa kidogo yule kapewa kingi. Bajeti ilikuwemo. Ila hoja iliyoshinda ni nyingine, ni ya kozi kurudufiwa, yani kozi ileile kuanzishwa tena kwenye chuo cha jirani. Chuo kinavuta wanafunzi kwa kile ambacho hawakipati pengine. Ukitaka kumtoa mwanafunzi mzungu aende chuo cha weusi, au hata mweusi mwenye alama nzuri anayeitwa na vyuo vitano, lazima uwe na kitu cha kumvuta, kozi ambayo hapo jirani hakuna. Ni kama mama ana kibanda cha supu stendi, ndo peke yake, wateja wa kila aina wanakuja kwake, alafu mwenye stendi anawapa wengine wawili vibanda vipya vya supu hatua ishirini kila upande, vina feni na viti vya kisasa, mwisho wa mwezi anamwambia mama mbona wateja wako wamepungua.

Na hili lilikuwa limeshatokea, sio nadharia. Miaka ya 70 wazungu walikuwa wanakwenda Morgan kusoma MBA. Kwa maneno mengine ubaguzi ulikuwa unaanza kuvunjika wenyewe pale chuoni, bila amri ya mahakama, kwa sababu Morgan walikuwa na kozi watu wanayoitaka. Alafu 1975 University of Baltimore, ambayo ilikuwa binafsi, ikachukuliwa na jimbo, na kozi zake za biashara zikaingia kwenye mfumo wa serikali, wazungu wakahamia huko. 2005 ndo ikaja hiyo ya Towson juu yake. Na kumbuka mwaka 2000 jimbo lilikuwa limesaini makubaliano na ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya elimu ya Marekani kwamba litaviimarisha vyuo vya weusi na litaacha kurudufu kozi zao bila sababu. Miaka mitano baadae wanapitisha MBA. Ndo maana wahitimu wakasema basi, twendeni mahakamani.

Kisheria walikuwa na pa kusimamia. Kule Mississippi baba mmoja anaitwa Jake Ayers alifungua kesi 1975, ikafika mahakama kuu ya Marekani, ikajulikana kama Fordice, ikaamuliwa 1992. Mahakama ilisema jimbo haliwezi kusema tumeshafuta sheria za ubaguzi basi tumemaliza, kama kuna sera zilizobaki kutoka enzi zile na bado zinawatenga watu, na hakuna sababu ya msingi ya kielimu ya kuziacha, jimbo lazima lizitoe. Na moja ya sera zilizotajwa ni hiyohiyo ya kozi kurudufiwa, kwa sababu kuwa na kozi mbili zilezile, moja kwa weusi moja kwa wazungu, ndo ulikuwa mfumo wenyewe wa ubaguzi. Mississippi walikuja kumaliza kwa makubaliano ya dola milioni 503.

Kesi ya Maryland ikasikilizwa na jaji Catherine Blake mwanzoni mwa 2012, wiki sita. Mawakili wa upande wa vyuo waliongozwa na Michael Jones wa kampuni kubwa ya mawakili ya Kirkland & Ellis, bila kuwatoza wateja wao. Akaja mtaalamu, profesa Clifton Conrad, huyu alikuwa ameshatoa ushahidi hata kwenye kesi ya Mississippi, akachambua kozi moja moja za jimbo zima. Alichokuta: kwenye kozi ambazo sio zile za msingi ambazo kila chuo lazima kiwe nazo, asilimia 60 ya kozi za vyuo vya weusi zilikuwa zimerudufiwa bila sababu, kwa vyuo vya wazungu ni asilimia 18. Mississippi, Mississippi yenyewe tunayoisikia kwa sifa zake, ilikuwa asilimia 40. Soma tena hapo. Maryland, jimbo linalojihesabu la kimaendeleo, lilikuwa baya kuliko Mississippi kwenye kipimo kilekile.

Oktoba 2013 jaji akatoa hukumu. Kwenye bajeti vyuo vilishindwa, jaji alisema fomula ya sasa ya fedha haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na ile ya enzi za ubaguzi. Kwa maoni yangu hapo sheria ni finyu, maana madhara ya fedha ni ya kulimbikizana, jengo ambalo hukujenga 1950 linakugharimu mpaka leo, mwalimu uliyemkosa 1970 ndo angewafundisha waalimu wa 1990, na mwaka 1990 wanafunzi wa Morgan walikalia jengo la utawala wakilalamikia hayohayo majengo yaliyochoka. Ila jaji anafungwa na kinachothibitika, naelewa. Kwenye kozi kurudufiwa vyuo vilishinda bila ubishi, jaji akasema jimbo limeendeleza mfumo wa vyuo vilivyotengana na visivyo sawa, na hakuna sababu ya kielimu iliyoletwa kuutetea.

Mtu angefikiri hapo imeisha, kumbe ndo nusu ya safari. Jaji akawaambia kaeni mpatane, hawakupatana. Wakarudi mahakamani, 2017 akaamuru ateuliwe mtu maalum wa kuandaa mpango wa kurekebisha, jimbo likakata rufaa. Mwanzoni mwa 2019 mahakama ya rufaa ikawarudisha tena mezani. Wakati huo gavana ni Larry Hogan. 2018 alitoa ofa ya dola milioni 100, 2019 akapanda mpaka 200 akasema ndo mwisho. Upande wa vyuo wakasema milioni 577, zitolewe kwa miaka. Spika wa bunge la jimbo Adrienne Jones, mwanamke wa kwanza na mweusi wa kwanza kukalia kiti kile, akaibeba mwenyewe. Bunge likapitisha 2020 kwa kura nyingi sana, wa vyama vyote viwili, Mei gavana akaukataa muswada akasema Corona imeharibu bajeti. 2021 bunge likaupitisha tena, na tarehe 24 Machi gavana yuleyule akausaini pale Bowie State. Milioni 577 kwa miaka 10, kuanzia mwaka wa fedha 2023, yani kama milioni 57.7 kila mwaka kwa vyuo vinne, ni za ufadhili wa wanafunzi, kuajiri waalimu na kuanzisha kozi mpya, juu ya bajeti yao ya kawaida.

Mi nilichojifunza hapa ni kuangalia muda. Aliyeanza mwaka wa kwanza Morgan kipindi kesi inafunguliwa, hela zinaanza kutoka yeye ana miaka 34 huko, ana watoto. Yule hakupata waalimu wapya wala kozi mpya, na hakuna atakayemrudishia. Serikali ina mawakili wa kudumu na haina haraka, chuo kina wanafunzi wanaokaa miaka minne wanaondoka. Kwa hiyo wanaosema nendeni mahakamani mkadai haki yenu wajue mahakama ililipa ila ililipa kizazi kingine.

Sasa lile swali la kwanini viendelee kuwepo. Kwanza hivi vyuo havimkatazi mtu, kitaifa karibu robo ya wanafunzi wake sio weusi, hivyo hoja kwamba ni ubaguzi wa upande wa pili haina miguu. Pili angalia kazi. HBCU ni kama 100 hivi, asilimia 3 ya vyuo vyote vya Marekani, lakini sehemu yao kwenye digrii wanazopata weusi ni kubwa mara kadhaa kuliko hiyo 3. Xavier ya New Orleans ni chuo kidogo tu ila kwa miaka mingi kimekuwa juu kabisa kwa kupeleka weusi kwenye shule za udaktari. Wengi wa wanafunzi wao wanatoka familia za kipato cha chini, wanasoma kwa ruzuku ya serikali ya Pell. Kwa hiyo unachukua mtoto ambaye kwao hakuna aliyesoma chuo, unamfundisha kwa bajeti ndogo, anatoka mhandisi. Chuo tajiri kinachukua mtoto wa daktari kinamtoa daktari, alafu kwenye orodha za ubora chuo tajiri kinawekwa juu. Mi hapo nakataa kabisa.

Na hata shule yenyewe ya biashara ya Morgan ina jina la Earl Graves, kijana aliyemaliza hapohapo, akaja kuanzisha jarida la Black Enterprise lililofundisha weusi wengi mambo ya biashara. Hiyo ndo shule ambayo jimbo liliona sio tatizo kuinyang'anya wateja wa MBA.

Sisi wa Afrika nasi tuna deni letu hapa. Nkrumah alisoma Lincoln, Azikiwe wa Nigeria vilevile. Kwa upande wetu Peter Mbiyu Koinange alianzia Hampton, Virginia, mwaka 1927, akarudi Kenya akaongoza chuo cha ualimu cha Githunguri kilichoanza 1939, chuo cha waafrika wenyewe kipindi mkoloni hataki waafrika wasome kupita kiasi alichopanga yeye. Hampton ilianzishwa 1868 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, na miaka 60 baadae inafundisha kijana wa Kiambu. Watu waliokuwa hawana kitu walitufungulia mlango. Hilo darasani kwetu hatukufundishwa na ni makosa.

Nirudi Maryland nimalizie, maana mambo hayajaisha vizuri kama inavyosemwa. Hela zimesaidia, Morgan imekua, wanafunzi wamevuka 10,000. Kwenye makubaliano kukawekwa pia kitengo ndani ya tume ya elimu ya juu cha kuangalia kozi mpya zisije zikarudufu tena. Mwaka 2023, mwaka wa kwanza wa hizo hela, Towson ikaleta ombi la kozi mpya ya shahada ya uzamivu ya uchambuzi wa takwimu za biashara. Morgan wakasema hii inagongana na ya kwetu. Likakataliwa kwanza, alafu likarudishwa kwa makamishna wakalipitisha kwa kura 4 kwa 3, kisha mwanasheria mkuu wa jimbo akasema kura hazikutosha kisheria kwa hiyo uamuzi ni batili, na Towson wenyewe wakaondoa ombi. Chuo kilekile, shule za biashara zilezile, hoja ileile ya 2005, safari hii wino wa makubaliano haujakauka.

Milioni 577 zinaisha mwaka wa fedha 2032. Wanaofuatilia hivi vyuo, wakiwemo ndugu zetu waliopo Baltimore na Washington wenye watoto wanaokaribia kuingia chuo, wasiangalie hundi tu, waangalie kozi mpya zinazoombwa kwenye ile tume, na ukiona Morgan au Coppin au Bowie au Princess Anne wamepinga, hapo ndo pa kupiga simu kwa mbunge wako wa jimbo kabla kura haijapigwa.